Siku Wazee Waliponiposea Chuo Kikuu

Siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa asubuhi, miaka ya sabini, nami nimesimama kando ya nyumba ya kulala maofisa wa serikali pale mjini Busia, malori ya kwenda Uganda yamejipanga hadi karibu na lango. Mara nikamwona Senge Taaka anashuka kwenye baiskeli ya boda boda, amemkumbatia jogoo mwekundu kama mtoto mchanga. Senge kwetu ni shangazi, dada yake baba. Nyuma yake baba yangu alikuja kwa miguu, amevaa koti zito na jua lile, na ubavuni mwake Mzee Makokha na ile kofia yake ya kuendea posa. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Walikuwa wamekuja kuniposea chuo kikuu. Umesikia vizuri. Hebu kaa nikueleze.

Mama yako ameniambia kwamba umemaliza digrii, kwamba wastani wa alama zako ni mdogo, na kwamba unataka kuendelea na masomo ya juu lakini unaogopa hata kwenda kuuliza. Ameniambia pia kwamba siku hizi huli. Kwanza ule. Halafu ujue kwamba nyanya yako huyu, ambaye picha yake amevaa joho iko ukutani pale na nyinyi wajukuu mnaicheka kofia, alimaliza digrii yake ya kwanza kwa daraja la chini kabisa. Tuliiita pasi. Chini ya pasi hakuna kitu, ni kurudi nyumbani na sanduku lako.

Mimi ni mtoto wa Matayos, karibu na Busia, na katika kijiji chetu nilikuwa msichana wa kwanza kuingia chuo kikuu. Siku ya kuondoka waliniimbia kutoka nyumbani mpaka stendi ya basi. Mama mmoja alivua leso yake akaitandika chini ili nipite juu yake. Watu wakasema mimi ndiye kichwa cha Matayos yote, na msichana akiimbiwa namna hiyo, anaamini.

Nilipofika Nairobi, kemia ikanishinda mwaka wa kwanza tu. Wenzangu waliotoka shule kubwa walikuwa wameshika chupa za maabara tangu kidato cha kwanza. Sisi tulikuwa tumechorewa chupa hizo ubaoni. Mwalimu akiuliza kama kuna asiyeelewa, nilitazama daftari langu. Nilikaa nyuma nikaandika kila neno alilosema bila kujua linahusu nini, na mambo yakaendelea hivyo mpaka mwisho. Masomo ya mimea niliyapenda na niliyafanya vizuri, lakini kemia ilikuwa imeshavuta kila kitu chini.

Nyumbani hakuna aliyejua kwamba digrii zina madaraja. Digrii ni digrii. Baba alichinja ng'ombe, mimi nikala nyama ile kwa taabu. Nikapata kazi ya kufundisha biolojia katika shule ya wasichana karibu na kwetu, na kusema kweli kazi ile niliipenda. Kulikuwa na vijana wa rika langu waliokuwa wakivusha kahawa ya magendo kutoka Uganda. Walivaa viatu vya visigino virefu na suruali pana, na wakiniona nimejaa vumbi la chaki waliniita "Madam Digrii". Niliwacheka nao wakanicheka.

Kilichoninyima raha ni shamba la Senge Taaka. Alikuwa mjane, na mtama wa shamba lile ndio uliolisha nyumba yake. Kila mwaka gugu moja lenye maua ya zambarau lilizidi kusambaa humo. Kwetu tunaliita kayongo. Ukiliona juu ya ardhi, ujue limeshamaliza kazi yake chini. Limeshika mizizi ya mtama na kuunyonya. Ua lake ni zuri, na mtama ulio kando yake umesinyaa. Senge aling'oa mpaka mgongo ukamkatalia. Nilitaka kusomea gugu lile. Nilitaka masta, digrii ya pili, kwa sababu ya shamba lile, na nilitaka sana, mwanangu, hata usingizi ulinipotea.

Basi likizo moja nikaenda Nairobi kumwona mwalimu wangu wa mimea. Alikuwa mtu wa Meru, mrefu, mwenye maneno machache, na sote tulimwita Daktari. Yeye ndiye aliyekuwa akipendekeza wanafunzi wa masta wa idara ile. Nilimwambia ninataka nafasi. Akafungua faili langu, akaanza kusoma alama. Hapo nikaanza kujieleza. Nilisema mwaka wa kwanza niliugua malaria. Nilisema mwalimu wa kemia hakupenda wasichana, na mwenzangu wa chumbani alikuwa na redio isiyozimwa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa uongo mtupu. Malaria niliugua kweli, na redio ile ningeijua hata leo. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akafunga faili, akasema nafasi ni chache na wenye madaraja ya juu ni wengi.

Nilirudi kwa treni hadi Malaba, ambako kaka yangu Wandera alikuwa karani wa mawakala wa forodha. Nilimkuta anajiandaa kuoa msichana wa Kiteso wa palepale Malaba, na wazee wetu walikuwa wanakuja kumposea. Nikabaki nishuhudie. Sikuwa na haraka ya kwenda nyumbani kuwaambia watu nimekataliwa.

Msemaji wa ukoo wetu katika mambo ya posa alikuwa Mzee Makokha, binamu yake baba. Siku ya posa alikataa kiti mpaka aseme neno lake. Wazee wa Kiteso walikuwa wamezunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Walimpa mrija akaukataa pia. Kisha akasema, "Kijana wetu anafanya kazi na hana mkono wa kupiga mtu. Lakini iko kasoro moja, na mimi naisema kabla hamjaniuliza. Huyu akikasirika ananuna. Si siku moja. Ananuna wiki mzima, hata chakula anakataa. Mkisikia mtoto wenu amekuja kulia kwamba bwana haongei, msiseme Makokha alituficha."

Mzee mmoja wa Kiteso akacheka mpaka mrija ukamtoka mdomoni. Akasema wao pia wana neno: msichana wao hajui kupika ugali, kila mara unatoka na madonge. Posa ikaisha kabla jua halijageuka. Wandera alinuna, bila shaka, lakini alioa.

Baadaye nilimuuliza Mzee Makokha kwa nini anaanza na aibu ya mtu. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mvua inalowesha. "Hapa mpakani kila mtu iko na shemeji ng'ambo hii na ng'ambo ile," akasema. "Hiyo kasoro itafika sokoni wiki ijayo. Wataisikia kwa mama wa samaki. Sasa ni nani aiseme, mimi ama mama wa samaki?"

Nilicheka tu. Sikuwaza kwamba neno lile lilinihusu.

Msimu uliofuata Senge alinitumia mtu nije haraka. Nikadhani ameanguka. Kumbe Daktari alikuwa Busia! Alikuwa amekuja kulitazama kayongo, na katika kuzunguka kwake alifika shambani mwa Senge akaomba ruhusa ya kuchukua udongo na mizizi. Angekaa mjini siku chache kisha arudi Nairobi. Senge alikuwa amesikia jina la chuo likitajwa, akakumbuka ndicho chuo changu.

"Kwa nini humwendei?" akaniuliza.

"Nilimwendea, Senge. Alinikataa."

"Ulienda na nani?"

"Peke yangu."

Senge alipiga makofi ya mshangao. "Peke yako! Unaenda kuomba kitu kikubwa hivyo peke yako, kama mtu hana kwao? Hata mimi ningekukataa."

Nilijaribu kumweleza kwamba chuo kikuu si ukweni. Akaniambia kama wanachagua nani aingie na nani abaki nje, ni ukweni. Kabla ya jioni alikuwa ameshamwita baba, na baba akamwita Mzee Makokha.

Mzee Makokha aliniketisha kwenye kigoda, yeye juu ya kiti. "Haya. Kasoro ni gani?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, na baba ndiye aliyechinja ng'ombe. Nikasema digrii yangu ni ya daraja la chini. Baba akauliza kama digrii ina chini na juu. Nikasema ndiyo. Akaegemea mlango. Haraka haraka nikaongeza habari za malaria, na yule mwalimu, na redio.

Mzee Makokha alinyanyuka akachukua kofia yake. "Taaka, jogoo wako mrudishe kwa kuku wenzake," akasema. "Mimi sipeleki posa ya malaria."

Nikamshika koti. Nililia, sitakuficha. Nikamwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu: kwamba kemia sikuielewa tangu siku ya kwanza, na kwamba niliona haya kuuliza. Alinisikiliza, kisha akakaa tena, kofia gotini. Baba aliondoka mlangoni akaenda nyuma ya nyumba, na mimi sikujua anawaza nini. Hilo liliniuma kuliko kukataliwa Nairobi.

Sasa umeelewa kwa nini asubuhi ile pale Busia nilitamani kuzama. Nilijua kitakachosemwa, nilijua kitasemwa kwa sauti, na mwenye kukisikia ndiye mtu wa pekee aliyeweza kunifungulia mlango. Akinikataa mara ya pili, hapakuwa na mwingine wa kumwendea.

Daktari alikuwa barazani anakunywa chai. Alipowaona alidhani ni wenye mashamba wamekuja kulalamika juu ya mashimo yake, akaanza kuomba radhi. Akawakaribisha chai. Mzee Makokha akakataa. Akawakaribisha viti. Mzee Makokha akakataa, akavua kofia, akasema, "Chai tutakunywa tukishasema."

Hapo Daktari alitazama kofia, akatazama koti la baba, akamtazama jogoo, halafu akaniona mimi nimejibanza pale kando. Akaweka kikombe chini. Alimwita dereva wake na mpishi wa nyumba ile, akawaketisha mmoja kulia na mmoja kushoto. Mtu hapokei ujumbe wa namna ile akiwa hana watu upande wake, na inaonekana Meru nako wanalijua hilo. Mpishi alikuwa bado ameshika mwiko.

"Sisi ni watu wa Matayos," akasema Mzee Makokha. "Tumekuja kwa sababu ya huyu msichana. Mtoto wa kike anaposwa, haposi, lakini leo sisi ndio tunaomba. Anataka kuingia kwenu asome hiyo kayongo. Ni mfanyakazi. Hii gugu ameing'oa na mkono yake tangu akiwa mdogo. Lakini iko na kasoro. Digrii yake ni ya chini kabisa. Ingeshuka kidogo tu, angerudi bila kitu."

Dereva aliinamisha macho. Mimi pia.

"Na si malaria," Mzee akaendelea. "Malaria sisi wote tunaugua na tunalima. Ile kemia hakuielewa, na akaona aibu kuuliza."

Alitaka kuendelea, lakini baba akamgusa mkono. Baba hakuwa msemaji, na katika posa aliyeleta msemaji haongei. Aliongea hata hivyo.

"Hiyo aibu imetoka kwetu," akasema. "Siku anaenda tulimwimbia sana. Tulimwambia yeye ni kichwa ya Matayos yote. Sasa kichwa itauliza swali aje? Itauliza nani? Hiyo kosa muandike nusu kwake, nusu kwangu."

Mwanangu, nimepewa vyeti na nimepigiwa makofi katika kumbi kubwa. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama maneno yale. Kumbe alipoenda nyuma ya nyumba hakuwa amenikasirikia. Furaha ilinijaa hapohapo, hata kabla sijajua nitajibiwa nini, na hofu yote ikanitoka.

Daktari alimtazama baba. Kisha akanigeukia mimi. "Mbona hukuniambia hivi Nairobi?"

Nikasema, "Nilikuwa peke yangu." Senge akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Malaria siwezi kuisaidia," Daktari akasema. "Redio siwezi. Mtu asiyejua kemia naweza kumpa kemia." Akawageukia wazee, akasema upande wake hauwezi kutoa nafasi bure. Nifanye kazi ya msimu mzima katika shamba la Senge, nipande mtama wa aina mbalimbali na kuangalia upi unaostahimili kayongo. Halafu nirudi chuoni, niketi na watoto wa mwaka wa kwanza, nisome kemia upya na niifanyie mtihani. Nikifaulu yote mawili, atanisemea mbele ya wenzake. Hakuahidi kwamba wangekubali.

"Hiyo mahari ni nzito," akasema Mzee Makokha. "Punguza."

"Haipungui."

"Basi ongeza kitu upande wenu. Huyu akikwama tena kwa hiyo kemia, atauliza nani? Tunataka mtu. Tunataka jina, na huyo mtu asimcheke."

Daktari akasema, "Ataniuliza mimi."

Mzee Makokha akavaa kofia, akakaa, akaomba chai.

Ikabaki habari ya jogoo. Senge alimnyoosha mbele, Daktari akarudi nyuma, akasema akimpokea watu watasema amekula rushwa. Senge aliona ametukanwa. Dereva alikuwa anamtazama yule jogoo kwa huruma ya mtu mwenye njaa. Mwishowe mpishi, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, akasema kama jogoo ataliwa na pande zote mbili mahali palepale, basi si mali ya mtu. Tukamla na ugali, Daktari akiwa katikati ya Senge na baba. Mimi nilipewa firigisi, na kwetu wakati ule mwanamke hakupewa firigisi. Baba ndiye aliyeiweka kwenye sahani yangu.

Kazi ile niliifanya. Nilipanda, nikang'oa, nikapima, na wale wavusha kahawa wakapita njiani wakiniuliza kama Madam Digrii amefukuzwa shule. Kisha nikaenda kukaa na watoto wa mwaka wa kwanza. Mara ya kwanza mwalimu alipouliza kama kuna asiyeelewa, nilisikia masikio yanawaka, lakini niliinua mkono. Vijana wawili nyuma yangu wakashusha pumzi, maana nao walikuwa hawajaelewa. Jioni nikampelekea Daktari maswali mengine, na hakunicheka. Mtihani nilifaulu kwa alama za kawaida tu. Kikao cha kuchagua wanafunzi kiligawanyika, wengine wakasema pasi ni pasi. Daktari aliwasomea kazi yangu ya shambani, akawaeleza kemia yangu ilivyokuwa na ilivyo sasa. Nikaingia.

Kayongo sikulimaliza. Bado lipo, ukienda Matayos utaliona. Lakini Senge alipanda ule mtama uliostahimili, akavuna mpaka uzee wake, na alikuwa akiwaambia wanawake wa sokoni kwamba chuo kikuu walikiposa kwa jogoo mmoja.

Baadaye nami nilikaa upande wa wanaochagua. Nimesikia malaria nyingi sana, mwanangu. Nimesikia redio za kila aina, siku hizi zinaitwa mtandao. Sikuwadharau wale vijana, maana nilijijua. Lakini kila mara nilikuwa namsubiri mmoja aseme, "Hapa sikuelewa, na sikuuliza, na tangu wakati huo nimefanya hivi." Huyo akija, hata aliyesinzia mezani huamka.

Basi sikiliza. Alama zako ndogo zitaje wewe mwenyewe, mapema, kwa sauti ya kawaida, wala usizipambe. Sema zilitoka wapi, na usimtupie mtu mwingine hata kama alichangia. Halafu uwe na kazi ya kuonyesha uliyoifanya baada ya hapo, hata ndogo. Kama huna, anza wiki hii. Waulize wanataka nini kwako kabla ya kukupokea, na wakikutajia, lipe lote bila kunung'unika. Kitu cha mwisho ndicho kikubwa: usiende peke yako. Tafuta jina la mtu utakayemuuliza ukikwama, ulipate kabla hujaanza. Na usione haya mbele yetu. Nawe pia tulikuimbia sana, nilikuwepo, nilipiga vigelegele kuliko wote. Nusu ya kosa lako iandike kwangu.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na masikio ya kuvumilia jibu. Akupe mkwe mgumu lakini mkweli, kama yule Mmeru wangu. Akuvushe salama na kukurudisha kwetu na shibe. Kofia ya Mzee Makokha iko kabatini mwangu, waliniachia alipofariki. Jumatatu ukienda kuuliza nafasi, nitaivaa twende pamoja. Jogoo nimeshamfunga kamba.